Pikapu ya Shule Isiuzwe kwa Kilo

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya pili ya mkutano wetu)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, na ninyi vijana mnaosoma hapa leo:

Kamati iliponiomba niseme machache juu ya ufundi ilinipa dakika ishirini. Nitajitahidi nisizipite, maana baada yangu kuna chakula, na mwenye njaa hana miiko. (Kicheko) Lakini katika ajenda yetu, kifungu cha sita, nimeona pendekezo la kuuza vyuma chakavu vyote vilivyo nyuma ya karakana, pamoja na ile pikapu ya Land Rover ya shule, ili fedha zinunue mabati ya bwalo. Kwa hiyo sitasema juu ya ufundi kwa jumla. Nitasema juu ya pikapu ile tu: ni gari la namna gani, huozea wapi, hufufuliwaje, na ni lini haifai kufufuliwa. Nikimaliza, mkutano utaamua.

Sisemi kwa kuhadithiwa. Nyumbani kwangu huku Ngara ninayo pikapu ya namna ile ile, Land Rover Series III, ile ya inchi 109, ya dizeli, iliyoundwa mwaka 1978. Niliinunua mwaka 2015 katika mnada wa taasisi moja. Ilikuwa imekaa chini ya mparachichi miaka kumi na minne, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Niliianza kazi mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatoka uani kwa nguvu zake yenyewe. Hadi leo inapanda vilima vya Ngara na mzigo wa ndizi, maharage na kahawa.

ASILI YA GARI HILI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma cha pua kilikuwa cha kugawiwa kwa kipimo, lakini aluminiamu ilikuwapo. Kampuni ya Rover ikatengeneza gari lenye mifupa ya chuma na ngozi ya aluminiamu. Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililoliokoa gari hili na ndilo pia linalolitia ugonjwa, kama nitakavyoeleza. Toleo la kwanza liliendelea hadi 1958, la pili na ndugu yake IIA hadi 1971, na Series III kutoka 1971 hadi 1985.

Kwetu huku wazee wanalijua. Bwana shamba alikuja nalo, mganga alikuja nalo, padre na mchungaji walikuja nalo, polisi pia. Barabara kutoka Biharamulo kuja Ngara wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na gari lisilo na gia za mbele na nyuma lilikuwa mzigo kwa mwenyewe.

Kisha mambo yakawa magumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mwaka 1978 na 1979 tulikuwa katika vita na Idi Amin, na vita vilipokwisha mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri vikawa adimu kuliko sukari. Magari mengi mliyoyaona yameegeshwa katika yadi za serikali na za misheni hayakufa kwa uzee. Yaliegeshwa kwa kukosa kitu kimoja, haf-shafti au pampu, wakisema tutaagiza. Na wakati wakingoja, mvua ikanyesha. Gari lililosimama huoza haraka kuliko linalotembea.

Mimi nilijifunza spana mwaka 1994. Mnakumbuka mwisho wa Aprili mwaka ule, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 tu. Kambi ya Benaco ikawa mji. Mashirika ya misaada yalileta malori na magari madogo kwa mamia, na magari yakihitaji mafundi, vijana wengi wa Ngara waliokuwa hawajui plagi ni nini waliingia gereji kushika taa, na wakatoka wanajua kupasua injini. Wageni waliporudi kwao, wengi wao mwezi wa Desemba 1996, ujuzi ulibaki. Nawaambia vijana: ufundi hauchagui wakati wa kufundishwa. Mwenye kushika taa kwa makini ndiye atakayeshika spana kesho.

KUTU HUANZIA WAPI

Sasa tuingie chini ya gari. Mtu akiona pikapu ya zamani huangalia bodi, akiona imepauka na kubonyea husema imekwisha. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Haishiki kutu nyekundu. Kinachooza ni chuma kilichofichika, na mahali penyewe ni pachache.

Pa kwanza ni chasisi. Ni kama sanduku refu lililofungwa pande zote nne, lenye uwazi ndani. Matope huingia kwa vitundu, hukaa, hushika unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Udongo wetu mwekundu ni mzuri kwa migomba; kwa chasisi ni adui. Kwa hiyo macho hayatoshi. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza husema "du", kama mtungi wenye ufa. Gonga zaidi pale panaposhikwa springi, juu ya tangi, na ile boriti ya nyuma kabisa, maana hapo ndipo tope hujikusanya.

Pa pili ni ule ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva. Huoza miguuni pa dereva na kwenye pembe za juu zinazoshika kioo cha mbele.

Pa tatu ni kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma. Madini mawili ya namna mbali, yakigusana penye maji, hufanya kazi kama betri ndogo, na aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Dawa yake ni kutenganisha: rangi pande zote mbili, na kipande cha mpira au kitambaa kilicholoweshwa rangi katikati, ndipo bolti ikazwe.

Chasisi yangu ilisema "du" mahali pane. Tulikata hadi tukafika kwenye chuma kinachong'aa, tukachomelea bamba la milimita tatu. Wako mafundi wanaobandika bamba jipya juu ya kutu, wakapaka rangi nyeusi. Hiyo ni kumvisha marehemu suti. (Kicheko) Kutu inaendelea chini kwa chini, na siku moja springi inatoka mahali pake ukiwa kwenye mteremko.

Kabla ya kukata chochote pima mishalo, yaani kutoka pembe ya mbele kushoto hadi pembe ya nyuma kulia, na kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana chasisi imenyooka. Pima tena kila unapomaliza kuchomelea, maana moto huvuta chuma.

Vijana, hapa nasema kwa ukali. Ondoeni waya za betri kabla ya kuchomelea. Tangi la mafuta litolewe lipelekwe mbali. Na msichomelee kamwe tangi, hata likiwa tupu. Linaloripuka ni mvuke, na tangi tupu lina mvuke kuliko lililojaa. Tena mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Cha kuzuilia ni magogo mazito au stendi za chuma. Fundi mzuri hujulikana kwa kuwa na vidole vyake kumi.

INJINI NA MAFUTA

Injini iliyolala miaka mingi hukwama, pistoni zikashikana na silinda. Pupa ndiyo inayoiua. Mtu huleta betri ya lori, anabana swichi, kinavunjika kilichokuwa kizima. Sisi tulitoa nozeli, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaacha wiki nzima. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele. Kila jioni tulijaribu kwa hendeli, taratibu, mbele kidogo na nyuma kidogo. Siku ya tisa ikazunguka. Ndipo tukaifungua, tukabadili ringi na gasketi, tukasaga vali, na kuweka nafasi ya vali kuwa elfu kumi za inchi, injini ikiwa na mkandamizo wake wa 23 kwa 1 kama ilivyotoka kiwandani.

Injini ile ni ya lita mbili na robo, na nguvu zake ni za farasi 62 hivi. Si nyingi. Malori ya Kigali yananipita kama nimeegesha. Wengi wamenishauri nitoe hiyo niweke ya Toyota au Isuzu, na wengi wamefanya hivyo, magari yao yanatembea vizuri. Siwalaumu. Lakini ukibadili injini hapana budi ubadili viegemeo, uangalie kama gia na difu zitastahimili nguvu mpya, na uende TRA kubadilisha namba ya injini katika kadi. Krankshafti yangu ilikuwa nzima; sikuona sababu ya kumzika aliye hai.

Niwape siri moja ya dizeli hizi. Asubuhi za Ngara ni baridi, na injini haiwaki bila hita plagi. Hita plagi zake nne zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama ushanga katika uzi. Ikiungua moja, zote zinazima. Utabadili betri, utabadili stata, utamlaani aliyekuuzia, kumbe ni plagi moja. Pimeni kila moja kwa taa kabla ya kununua kitu.

Jambo jingine ni spana. Gari hili ni la inchi: saba kwa kumi na sita, nusu inchi, tisa kwa kumi na sita. Spana ya milimita inaingia lakini inacheza, na kucheza kwake ndiko kunakokula vichwa vya bolti. Afadhali spana sita za kweli kuliko sanduku zima lisilolingana.

BREKI NA UMEME

Katika breki hakuna kubahatisha. Gari lililolala, mpira wake wote umekufa hata kama kwa macho unaonekana mzima. Nilibadili raba zote, mabomba yote ya breki na laini za magurudumu manne. Tumieni mafuta ya breki peke yake. Katika miaka ya shida watu walijaza oili ya injini. Oili ya injini huvimbisha raba za breki, nazo zikivimba breki hushika zenyewe au hazishiki kabisa. Kwetu huku, kutoka Ngara mjini kuteremka bondeni, breki ni uhai.

Umeme unatisha watu kwa sababu ya wingi wa nyaya, na panya hawamalizi kazi wanayoianza. Lakini Waingereza walizipa nyaya rangi kwa mpango, na mpango ukiujua hupotei. Kahawia ni umeme utokao moja kwa moja kwenye betri. Nyeupe unatoka kwenye swichi ya kuwashia. Kijani umepita swichi na fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, na nyeusi ni ule unaorudi kwenye bodi. Chora karatasi, andika, kisha ndipo ukate.

KUONGEZA NA KUPUNGUZA

Baada ya gari kutembea, sasa kila mtu hupenda kulipamba lifanane naye. Vijana watataka muziki na taa kumi juu ya paa. Mimi nilijiuliza: gari hili litafanya kazi gani hapa? Nikaongeza mambo manne.

Kwanza, sakafu ya nyuma niliiweka mbao ngumu juu ya bamba, kwa kuwa magunia na mikungu huchubua aluminiamu. Pili, niliweka vyuma vya kushikilia turubai, vinavyotolewa na kurudishwa, kwa masika zote mbili. Tatu, mikanda ya viti vya mbele, ambayo haikuwamo. Nne, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, nilichomelea vishikio sakafuni vya kufungia machela, na benchi moja fupi la kukalia anayemwangalia mgonjwa.

Vishikio vile vilinigharimu nusu siku na mabaki ya chuma. Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2020 niligongewa mlango. Mama mmoja wa kitongoji cha pili alikuwa katika uchungu tangu asubuhi, na barabara ilikuwa imekatika kwa teksi na bodaboda. Tulimfunga kwenye machela, mkunga akakaa kwenye benchi, tukaenda kwa gia nzito mwendo wa mtu anayekimbia, hadi hospitalini. Mama yuko salama na mtoto anasoma chekechea. Tangu siku ile simwelezi tena mke wangu kwa nini fedha za mabati ya jiko ziliingia katika chasisi. (Makofi)

Gharama? Nitasema kweli. Bei ya mnada ilikuwa kama robo ya niliyoyatumia yote. Vipuri vingine vilitoka Mwanza, na wakati huo tulivuka Busisi kwa kivuko, maana daraja la Kigongo–Busisi halikufunguliwa hadi mwaka 2025. Vingine vilitoka Dar es Salaam na Arusha. Arusha magari haya bado yana heshima kwa ajili ya watalii. Oktoba 2024 walifanya tamasha zima la Land Rover, yakaja mengi kutoka pande zote. Kwa hiyo wanaosema vipuri havipo, hawajauliza.

Na si fedha tu niliyoipata au kuipoteza. Kijana mmoja wa jirani, aliyemaliza Kidato cha Nne bila alama za kuendelea, alikaa nami miaka ile miwili. Aliingia akiwa hajui tofauti ya nati na bolti. Leo ana gereji yake Nyakahura, kando ya barabara kuu, na malori yaendayo Rusumo na Kabanga yakiharibika njiani yanamtafuta yeye. Cheti chake cha kwanza kilikuwa pikapu ile.

PIKAPU YETU

Ndugu Mwenyekiti, nirudi kwenye kifungu cha sita. Jana alasiri, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, nilikwenda nyuma ya karakana na nyundo. Niliigonga pikapu ya shule kutoka mbele hadi nyuma. Boriti ya nyuma imekwisha, na upande wa kushoto juu ya springi ya nyuma unasema "du". Kwingine kote ilinijibu kama kengele. Namba ya chasisi inasomeka, pale mbele kulia panaposhikwa springi. Injini imekwama, gia zinaingia, vioo viwili havipo.

Gari lile lina uzito wa tani moja na nusu hivi. Mnunuzi wa chuma chakavu atalipa kwa kilo, mara moja, na kesho yake tutakuwa na mabati ya upande mmoja wa bwalo. Sibezi mabati. Mimi mwenyewe nililowa katika bwalo lile, na watoto hawa wanalowa. Aliyeleta pendekezo ana haki kabisa. Lakini Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe mahali pa kufanya kazi pamoja na kusoma. Karakana yetu leo ina vaisi mbili, na kitu cha kutengeneza hakuna. Kitu chenyewe kiko nyuma ya ukuta, na tunataka kukiuza.

Kwa hiyo ninaomba kifungu kigawanywe. Vitanda vibovu, mabomba na madumu viuzwe sasa hivi, fedha ziende kwenye mabati. Pikapu ibaki, kwa masharti matatu.

La kwanza, kadi yake itafutwe na namba zilinganishwe kabla hatujatumia hata shilingi moja. Gari lisilo na kadi halali litatuletea kesi badala ya usafiri.

La pili, ndani ya miezi mitatu bodi ivuliwe na chasisi ikaguliwe yote, nje na ndani. Ikionekana imeoza kuliko nilivyosikia kwa nyundo, mimi mwenyewe nitaandika barua kwa Kamati kwamba iuzwe. Kufufua kila gari si busara. Liko lililokufa kweli.

La tatu, kazi ifanywe Jumamosi na wanafunzi wanaopenda, chini ya fundi mzima anayewajibika. Kuvua, kusugua kutu, kupaka rangi, kufuatilia nyaya na kufungua injini watafanya wao. Kuchomelea chasisi na kufunga breki atafanya fundi, wao wakitazama. Siku hizo nitakuja kwa nauli yangu, na kijana wa Nyakahura amekubali kuja kwa zamu.

Upande wa gharama, tuko hapa watu wengi. Sisemi kila mtu atoe fedha. Mmoja achukue betri, mwingine tairi moja, mwingine seti ya raba za breki, mwingine rangi. Orodha nimeiandika, iko mezani kwa Katibu, yenye vitu thelathini na viwili. Kitu cha kwanza, ringi na gasketi za injini, tayari kina jina langu.

Na ninyi vijana, msidhani nawaletea gari la kuendea matembezini. Ikiwaka, itabeba kuni, itabeba unga, na usiku wa manane itambeba mwenzenu atakayezidiwa na malaria, badala ya mlinzi kusimama barabarani akipungia malori mkono kama ilivyo sasa. Nanyi mtakaomaliza mtaondoka na kitu mikononi, hata kama alama zitakuwa nzuri au mbaya.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. (Makofi)